Je, Wajua? Mvua ya Musoma, Bunda na Butiama

Mkoani Mara mvua ndiyo inayoamua bei ya mahindi sokoni, dagaa wakauke au waoze mwaloni, na ng'ombe wanywe maji wapi ifikapo Agosti. Tunaisubiri, tunaiombea, tunailalamikia, lakini wengi wetu hatujui inakotoka. Safu hii imekusanya mambo ya kweli kuhusu mvua ya Musoma, Bunda na Butiama. Soma, kisha msomee na mwenzako.

JUA NA MAJIRA

Je, wajua kwamba Musoma iko takriban nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta? Kwa sababu hiyo mchana mrefu kuliko wote kwa mwaka unauzidi ule mfupi kuliko wote kwa dakika 10 hivi. Joto nalo halibadiliki sana. Miezi mingi mchana huwa karibu nyuzi 28 hadi 30 na usiku hushuka kuelekea 18, hivyo tofauti ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya Januari na Julai. Kinachogawa mwaka wetu ni mvua.

Je, wajua kwamba jua hupita utosini Musoma mara mbili kwa mwaka? Mara ya kwanza ni siku chache kabla ya tarehe 20 Machi, na ya pili ni siku chache baada ya tarehe 22 Septemba. Siku hizo, kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, kivuli cha mlingoti uliosimama wima hutoweka kabisa.

Je, wajua kwamba mvua hulifuata jua, ila huchelewa kidogo? Panapopigwa na jua la utosini hewa hupata joto na kupanda, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana hapo. Makutano hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita ukanda wa mvua. Ukanda huo hupita juu ya Mara ukielekea kaskazini, tukapata masika ya Machi hadi Mei. Hupita tena ukirudi kusini, tukapata vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwa kawaida Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Musoma, na Julai ndio mkavu kuliko yote.

Je, wajua kwamba Watanzania wengi hawana masika wala vuli? Dodoma, Singida, Mbeya, Ruvuma na mikoa mingine ya kati, magharibi na kusini hupata msimu mmoja mrefu unaoanza karibu Novemba na kuishia karibu Aprili. Mara imo katika kundi la misimu miwili pamoja na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, pwani ya kaskazini na nyanda za juu kaskazini mashariki. Basi ndugu yako wa Dodoma akikupigia simu kukushauri siku ya kupanda, mshukuru, kisha usikilize utabiri wa kanda yako.

Je, wajua kwamba vuli hutabirika kwa urahisi kuliko masika? Vuli hufungamana sana na joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, ambalo hupimwa miezi kadhaa kabla. Masika husukumwa na mambo mengi yanayobadilika haraka, hivyo utabiri wake wa muda mrefu ni mgumu zaidi. Mkulima anayetaka kupanga mapema ana sababu nzuri ya kuuchukulia kwa uzito utabiri wa vuli.

ZIWA LINALOJAZWA NA MVUA

Je, wajua kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hayaletwi na mito? Huanguka moja kwa moja kama mvua juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, pamoja na Kagera ulio mkubwa kuliko mingine, huleta sehemu ndogo iliyobaki. Maji yanayotoka nayo hupanda zaidi angani kama mvuke. Yaliyosalia hutokea Jinja, Uganda, kuingia Mto Nile. Hivyo ziwa hunywa mvua, na mvuke wake hurudi kuwa mawingu.

Je, wajua milimita moja ya mvua ikinyesha ziwa zima ni maji kiasi gani? Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Milimita moja juu ya eneo hilo ni karibu lita bilioni 69.

Je, wajua kwa nini radi za Bunda na Butiama hupiga zaidi alasiri, na za ziwani hupiga zaidi usiku? Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, upepo kutoka ziwani huvuma kujaza nafasi yake, na mawingu hujijenga juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, na upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea majini. Pepo hizo hukutana katikati ya ziwa, hewa hupanda, na dhoruba huzaliwa kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Je, wajua kwamba dhoruba ya usiku ziwani huweza kuonekana dalili zake tangu alasiri? Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mvua kubwa za radi zikinyesha alasiri kwenye nchi kavu inayozunguka ziwa, uwezekano wa dhoruba kali ziwani usiku huo huongezeka. Utafiti huohuo ulionya kwamba dhoruba kali zitakuwa za mara kwa mara zaidi kadiri dunia inavyoongezeka joto. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa maji kila mwaka katika Ziwa Victoria zima. Mvuvi wa Musoma anayeingia majini jioni anaingia kazini saa zilezile ambazo ziwa huanza kukusanya dhoruba. Koti la kuokolea maisha na taarifa ya hali ya hewa ni vifaa vyake vya kazi sawa na nyavu.

Je, wajua kwamba Musoma na Bukoba zinatazama ziwa moja lakini hazipati mvua sawa? Bukoba, upande wa magharibi, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Musoma, upande wa mashariki, hupata chini ya 1,000 katika mwaka wa kawaida. Pepo za mashariki huufikia mwambao wetu kabla ya kuvuka maji, zikaokota unyevu njiani, na kuumwaga ng'ambo. Ndiyo maana Bukoba ina migomba, na mwambao wa Mara umezoea mihogo na mtama.

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria liliwahi kukauka? Takriban miaka 15,000 iliyopita, mvua zilipopungua kwa muda mrefu, ziwa lilikauka, kisha likajaa tena mvua ziliporudi. Ziwa hili ni pana lakini si la kina kirefu: wastani wake ni kama mita 40, na pale penye kina kuliko pote ni kama mita 80. Uhai wake unategemea mvua kuliko wengi wanavyodhani.

Je, wajua kwamba maji ya ziwa yamewahi kupanda kwa takriban mita mbili na nusu ndani ya miaka michache? Yalianza kupanda na mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961 na kufika kilele mwaka 1964. Mwaka 2006 yalishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa, baada ya ukame na baada ya maji mengi kuachiwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilivuka rekodi ya 1964, na mwaka 2024 rekodi hiyo ikavukwa tena. Nyumba, mialo na mashamba ya ufukweni vilifunikwa kuzunguka ziwa lote.

Je, wajua kwamba sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa? Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Aliyejenga ndani ya mstari huo katika miaka ya maji kupungua, mwaka 2020 aliona sababu yake kwa macho.

WATU WA MVUA

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alipewa jina kwa sababu ya mvua? Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, katikati ya masika. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba siku hiyo mvua kubwa ilinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Takwimu za leo zinakubaliana na masimulizi: Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi.

Je, wajua kwamba jina la baba yake nalo ni kumbukumbu ya majira? Chifu Nyerere Burito alizaliwa karibu mwaka 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi ya Wazanaki, akapewa jina la wadudu hao. Viwavijeshi huja na mvua. Nondo wao husafiri na upepo na kutaga mayai mahali nyasi changa zinapochipua baada ya mvua za kwanza, hasa zilipotanguliwa na ukame. Hivyo katika familia moja ya Butiama, baba na mwana walibeba habari za hali ya hewa za miaka miwili iliyopishana kwa miongo sita.

Je, wajua kwamba Tanganyika ilipata uhuru katikati ya vuli kubwa kuliko nyingi zilizowahi kupimwa Afrika Mashariki? Oktoba hadi Desemba 1961 mvua zilinyesha kupita kiasi, na mafuriko yalitokea sehemu nyingi za ukanda huu. Bendera ilipandishwa tarehe 9 Desemba, na aliyeiongoza nchi siku hiyo aliitwa kwa jina la mvua.

Je, wajua kwamba Waikizu, ambao nchi yao ya asili iko Bunda, humtaja mwanamke mleta mvua kuwa chanzo cha utemi wao? Masimulizi yao yanamwita Nyakinywa, aliyetoka Kanadi, Usukumani. Katika nchi ambayo mwaka wa ukame ulikuwa mwaka wa njaa, aliyeaminika kuleta mvua ndiye aliyepewa kutawala.

VILIMA, MITO NA NYUMBU

Je, wajua kwamba ndani ya mkoa mmoja wa Mara mvua hutofautiana sana kutoka mahali hadi mahali? Nyanda za juu za Tarime hupata nyingi kuliko tambarare za mwambao wa Musoma na Bunda, kwa kuwa hewa yenye unyevu hulazimika kupanda milima, ikapoa na kuangusha maji. Kwa hiyo Tarime hustawisha kahawa na ndizi, na Bunda imejulikana kwa pamba na mifugo.

Je, wajua kwamba Mto Mara unaweza kufurika bila tone kuanguka Musoma? Maji yake huanzia msitu wa Mau nchini Kenya na kusafiri karibu kilomita 400 hadi ziwani, karibu na mji wa Musoma. Kabla ya kufika hupita kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo, upande wa juu wa daraja la Kirumi. Mafunjo hupunguza kasi ya mafuriko, huzuia tope na huwapa samaki mahali pa kuzaliana. Anayekata mti Mau na anayechoma mafunjo Mara wanamgusa mtu yuleyule, mvuvi wa ghuba ya Musoma. Nchi zote mbili huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba kwa ajili hiyo.

Je, wajua kwamba nyumbu wa Serengeti huongozwa na ramani ya mvua? Tambarare za kusini mashariki mwa Serengeti, zilizo nyuma ya milima ya Ngorongoro, hupata karibu milimita 500 kwa mwaka. Kaskazini magharibi, kuelekea ziwa, hupata zaidi ya 1,000. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzaa kusini wakati wa majani mabichi. Majani yakikauka baada ya masika hupita ukanda wa magharibi na Mto Grumeti, karibu na vijiji vya Bunda, wakielekea kaskazini penye unyevu. Vuli ikianza kunyesha kusini, hurudi.

MIKONO YA MBALI

Je, wajua kwamba joto la Bahari ya Hindi huweza kujaza au kukausha lambo la Bunda? Upande wa magharibi wa bahari hiyo, ulio karibu nasi, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli yetu huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, na ndiyo sababu ziwa lilivunja rekodi mwaka uliofuata. Hali ikiwa kinyume, vuli hukonda, kama mwaka 2005.

Je, wajua kwamba El Niño kwa kawaida hutuongezea vuli, na La Niña hutupunguzia? Mvua za El Niño za 1997 na mwanzo wa 1998 bado zinakumbukwa kwa madaraja na barabara zilizosombwa. Mfululizo wa La Niña wa 2020 hadi 2022 ulikuja na vuli hafifu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hata hivyo si kila El Niño huleta mafuriko, kwani Bahari ya Hindi nayo ina neno lake.

Je, wajua kwamba kimbunga cha baharini hakiwezi kuzaliwa Ziwa Victoria? Vimbunga huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili vianze kujisokota, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Lakini vimbunga vya mbali hutugusa. Kimbunga kikikaa katika mlango-bahari wa Msumbiji huweza kuvuta unyevu kukielekea na kuichelewesha masika. Kikiwa mahali pengine huweza kuvuta upepo wa magharibi kutoka misitu ya Congo, ambao umejaa unyevu, na Kanda ya Ziwa ikanyeshewa.

SHAMBANI, MWALONI NA KWENYE PAA

Je, wajua kwamba dagaa hutegemea mwezi na mvua kwa pamoja? Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Wakishavuliwa huhitaji jua kali la siku nzima, na siku ya mawingu huwaharibu wale walioanikwa mchangani au juu ya mawe. Chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka ardhini huwakausha haraka na huwaweka safi, na mvua ikitokea ni rahisi kuwafunika.

Je, wajua kwa nini mhogo na mtama havijaondoka Mara pamoja na sifa zote za mahindi? Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, mavuno hupungua sana hata kama mvua itarudi baadaye. Mtama huweza kusimama kukua wakati wa ukame na kuendelea mvua inaporudi. Mhogo hungoja ardhini kwa miezi, kisha huvundikwa na kukaushwa kuwa udaga unaowekwa ghalani. Ugali wa udaga na mtama ni akiba ya wazee waliozijua vizuri vuli zinazokatika katikati.

Je, wajua kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili? Paa la bati la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 20 juu yake ni lita 960, sawa na madumu 48 ya lita 20, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea. Mama au binti anayebeba ndoo kutoka kisimani anapitwa na maji hayo kila nyumba inapokosa mfereji wa bati na tanki.

Je, wajua kwamba kuishi jirani na ziwa hakujawahi kuwa dhamana ya kupata maji? Vijiji vya Butiama vilitegemea malambo na visima kwa miaka mingi, ndiyo maana ukajengwa mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaochota ziwani na kuyapandisha maji hadi vijijini. Bomba ni neema, na tanki la maji ya mvua ni mwenzake siku bomba linapokatika.

Je, wajua kwamba vituo vya hali ya hewa nchini husoma kipimamvua kila siku saa 3 asubuhi? Wewe pia unaweza. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti na paa, na kila saa 3 asubuhi pima kwa rula urefu wa maji. Andika kwenye daftari. Baada ya miaka michache utajua vuli ya shamba lako huanza lini kwa kweli.

Je, wajua maana ya maneno ya utabiri? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikisema mvua za "chini ya wastani", inalinganisha na kumbukumbu za miaka mingi za eneo lenyewe. Wastani wa Bukoba si wastani wa Bunda. Na kwa hali mbaya ya hewa hutoa viwango: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ziwani, mtumbwi ubaki mwaloni.

Msomaji wa Musoma, Bunda na Butiama, mvua yetu inaletwa na jua, ziwa, vilima na bahari za mbali, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo tunachoweza kukiamuru. Yaliyo mikononi mwetu ni machache na yanawezekana: kusikiliza utabiri kabla ya kupanda na kabla ya kuingia majini, kulinda mafunjo na ukingo wa ziwa, kupanda mtama na mhogo pembeni ya mahindi, na kufunga mfereji kwenye bati. Vuli huanza Oktoba. Tanki lako liwe tayari kufikia Septemba.